Mimba ya wiki tano, nimeshapoteza mbili: nianze dawa ya homoni sasa au nisubiri utrasaundi?

#1 Mtarajiwa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, naishi Tabata. Mwaka juzi mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki nane, mwaka jana nyingine ikatoka kwenye wiki ya kumi hivi, hiyo ya pili nikasafishwa. Sikupewa sababu yoyote, niliambiwa tu "hutokea, mtajaribu tena." Sasa wiki hii nimepima mkojo na mistari miwili imekolea. Nikihesabu toka hedhi ya mwisho ni kama wiki tano.

Kinachonichanganya ni hiki. Jirani mwenye duka la dawa anasema nianze Duphaston leo hii, nisilale bila kumeza, eti homoni ya kushikilia mimba ndiyo iliyokuwa ndogo. Nesi wa kituo cha afya kasema nisitumie kitu zaidi ya foliki mpaka nipige utrasaundi wiki ya saba. Wifi yangu yeye alichomwa sindano za mafuta kila wiki na mtoto wake sasa anasoma chekechea. Sitoki damu, siumwi tumbo, nina woga tu. Mlionitangulia mlifanyaje?

#2 Sangara Mbichi
Nakaa hapa mbele. Mke wangu yuko hali hiyo hiyo na mimi ndiye ninayetumwa dukani. Wataalamu njooni.

#3 Kapu la Mama
Hongera na pole kwa pamoja. Mimi nilipoteza mbili kama wewe. Ya tatu nilianza Duphaston siku niliyoona mistari, asubuhi na jioni, nikameza mpaka mwezi wa tatu ulipoisha. Leo nina dume linavunja vikombe hapa ndani. Usisubiri wiki ya saba, mimba zangu zote mbili zilikufa huko huko kwenye kusubiri. Anza leo.

#4 Ua Jekundu
Kapu la Mama nafurahi kwa ajili yako, lakini mleta uzi asikie na upande wa pili. Mimi nilimeza hiyo hiyo, kwa saa, na kengele ya simu. Nilipokwenda kupima wiki ya tisa mtoto alikuwa hana mapigo, na kwa vipimo vya ukubwa wake alikuwa amesimama kukua wiki ya sita. Sikuwa nimetoka hata tone. Kwa hiyo wiki tatu nzima nilikuwa nameza dawa ya kulinda mimba ambayo haipo. Daktari aliniambia siku nyingine nisianze kabla ya kuona kuna nini ndani.

#5 Sista Kigamboni
Mimi ni mkunga, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, ila hapa nazungumza kama mwanachama tu, simtibu mtu kwa simu.

Mtarajiwa, nesi wako hakukosea na wala hakukunyima kitu. Utrasaundi ya mapema inajibu maswali ambayo kidonge hakiwezi kujibu. La kwanza, mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi au imetunga kwenye mrija? Mimba ya nje ya kizazi inaua mama, na mwanzoni inafanana na mimba nyingine yoyote. La pili, umri wake ni kweli wiki unazohesabu wewe? La tatu, moyo unapiga? Ukipiga wiki ya tano mara nyingi unaona kifuko tu, unarudi nyumbani na wasiwasi mara mbili. Ndiyo maana wanasema subiri kidogo.

Alichosema Ua Jekundu nimekiona wodini zaidi ya mara moja. Homoni hiyo hiyo inayotuliza kizazi inaweza kuchelewesha damu kutoka wakati mimba imeshakufa. Mama anakaa na matumaini, anameza, anaombewa, kumbe.

Lakini kitu kimoja usisubiri kabisa: ukitoka damu, ukiumwa upande mmoja wa tumbo, ukihisi kizunguzungu au bega linauma bila sababu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe sikukuu.

#6 Bi Mkubwa wa Pangani
Wanangu, mnazunguka mbuyu. Hilo ni chango la uzazi. Sisi tulikuwa tunapewa dawa ya chango kabla hata ya kushika mimba, na ukishashika unafungwa kiuno na mwenye mkono wake, hutembei jua la mchana, hupiti njia panda. Nimezaa wanane. Hizo homoni zenu tulikuwa tunazijulia wapi?

#7 Sangara Mbichi
Shikamoo bibi. Na waliofungwa kiuno wakazaa wawili tu tuwahesabu wapi?

#8 Bi Mkubwa wa Pangani
Marahaba. Hao walipita njia panda.

#9 Takwimu Kavu
Bibi kaniua 😂

Turudi kwenye mada. Hili swali limeshafanyiwa utafiti mkubwa mara mbili, na wote uliongozwa na Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham.

Wa kwanza unaitwa PROMISE, ulitoka 2015. Walichukua wanawake 836 wa Uingereza na Uholanzi waliopoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana. Nusu wakapewa projesteroni, yaani hiyo homoni ya kushikilia mimba, ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na jioni, nusu wakapewa vidonge vya mfano wake visivyo na dawa ndani. Hakuna aliyejua amepewa kipi. Waliopata dawa, asilimia 65.8 walijifungua mtoto hai. Waliopata visivyo na dawa, asilimia 63.3. Kitakwimu hiyo si tofauti.

Sasa mleta uzi tazama hapo: wanawake waliopoteza mimba mara nyingi kuliko wewe, wakiweka kidonge kisicho na kitu, karibu wawili kati ya watatu walibeba mtoto. Ndiyo maana kila anayekuja hapa na ushuhuda wa "nilitumia hiki nikazaa" anaweza kuwa anasema kweli tupu, iwe Duphaston, iwe sindano, iwe kamba ya kiunoni ya bibi.

#10 Kapu la Mama
Takwimu Kavu hilo jina limekufaa. Hujawahi kukaa chooni unaangalia karatasi kama ina rangi. Mimi si asilimia. Mara mbili bila dawa nilizika, mara moja na dawa nikalea. Unataka nikuamini wewe au tumbo langu?

#11 Takwimu Kavu
Samahani kama nimesikika mkali. Sisemi hukupona kwa dawa, nasema hata wewe huwezi kujua. Na mimi siwezi. Na sijamaliza, utafiti wa pili unakupa wewe nguvu kidogo.

Unaitwa PRISM, 2019, wanawake 4,153 kwenye hospitali 48 za Uingereza, wote walikuwa wanatoka damu kwenye mimba changa. Kwa jumla asilimia 75 waliopata dawa walijifungua, dhidi ya 72. Hapo pia tofauti haikutosha. Ila walipowatenga waliokuwa wanatoka damu NA wameshapoteza mimba tatu au zaidi, ikawa 72 kwa 57. Hiyo si ndogo. Baada ya hapo, Novemba 2021, taasisi ya NICE ya Uingereza ikaandika kwenye mwongozo wake: mwanamke anayetoka damu, aliyewahi kupoteza mimba hata moja, na utrasaundi imeonyesha mimba iko ndani ya kizazi, apewe hiyo projesteroni miligramu 400 mara mbili kwa siku. Moyo ukionekana, aendelee mpaka wiki 16 zitimie.

Kwa hiyo masharti ni matatu. Mleta uzi kwa maelezo yake ana moja.

#12 Mume wa Mtu
Mbona nimesoma mahali kwamba dawa hii Marekani imepigwa marufuku, inaharibu watoto wa kike wakikua wanapata saratani? Mnamshauri mtu ale sumu?

#13 Mfamasia wa Pembeni
Mume wa Mtu, umechanganya dawa tatu kwenye sufuria moja, ngoja nizitoe.

Iliyoleta saratani inaitwa DES, diethilistilibestroli. Hiyo ni estrojeni ya kutengenezwa, wala si projesteroni. Kuanzia miaka ya 1940 wajawazito Marekani walikuwa wanapewa kuzuia mimba kutoka. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ulionyesha haizuii kitu, madaktari wakaendelea kuandika karibu miaka ishirini zaidi. Mwaka 1971 ndipo ilipogundulika kwamba mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wanaimeza wanapata saratani adimu ya uke, na mamlaka ya dawa ikawaambia madaktari waache kuwapa wajawazito.

Iliyoondolewa sokoni Marekani Aprili 2023 ni Makena, sindano ya mafuta ya haidroksiprojesteroni. Kosa lake ni kwamba ilipopimwa tena haikuzuia watoto njiti. Ukoo wake ni ule ule wa sindano za wifi wa mleta uzi.

Ya tatu ndiyo tunayoijadili, projesteroni ya kuweka ukeni. Hiyo haijapigwa marufuku, na PRISM haikuona tofauti ya watoto wenye kasoro za kuzaliwa kati ya makundi mawili.

Na nyongeza ambayo wengi hapa wameipita: Duphaston si hiyo ya kwenye tafiti za Takwimu Kavu. Duphaston ni didrojesteroni, imetengenezwa maabara ifanane kazi na projesteroni ili imezwe. Huwezi kuchukua matokeo ya moja ukayavisha nyingine, kwa kusifia wala kwa kuponda.

#14 Mume wa Mtu
Sawa mkuu, nimekuelewa. Ila hiyo hadithi ya DES ndiyo inayonifanya niogope. Na wale walikuwa madaktari, na wao walisema ni salama.

#15 Mfamasia wa Pembeni
Hapo sina ubishi na wewe.

#16 Binti Hamdani
Assalaam aleikum kutoka Muscat. Mimi huku nilishangaa. Nilikwenda kliniki binafsi na mimba ya kwanza, sijawahi kupoteza, sitoki damu, nikatoka na mfuko umejaa: Duphaston, foliki, na karatasi ya kupumzika. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa "kwa usalama." Dada zangu wote huku wamepewa. Nilipokwenda likizo Unguja daktari akaziangalia akacheka, akaniambia kama ni usalama vaa mkanda wa gari.

#17 Sangara Mbichi
😂😂 Huyo daktari apewe kiwanja.

#18 Mwanahamisi254
Hamjambo. Mie niko Mombasa, Kisauni. Mwenzangu wa Tabata, kabla hujashika njia ya homoni, uliza kama umepimwa damu inayoganda ovyo. Mie zilinitoka tatu, kila mtu yuwaniambia homoni, homoni. Nikameza, nikadungwa, nikachoka. Mwishowe daktari mmoja akasema apime kingamwili za ugonjwa wa antifosfolipidi. Zikatoka. Akaniambia nirudi tena baada ya wiki 12, kwani kipimo kimoja hakitoshi kusema unao. Zikatoka tena.

Dawa yangu haikuwa homoni hata kidogo. Ilikuwa aspirini dozi ndogo na heparini ya kujidunga tumboni kila siku. Tumbo lilikuwa na madoadoa ya kijani na zambarau, mume wangu alikuwa haangalii. Lakini binti yangu yupo. Sasa fikiria ningeng'ang'ana na Duphaston.

#19 Ua Jekundu
Mwanahamisi asante, hiki kipimo sijawahi hata kutajiwa. Kwetu baada ya kusafishwa ukaambiwa "pole mama" umepata bahati.

#20 Takwimu Kavu
Point ya Mwanahamisi ni nzito ila iwekewe mpaka: aspirini na heparini ni kwa waliokutwa na huo ugonjwa. Uholanzi walijaribu kuwapa waliopoteza bila sababu kujulikana, matokeo yakatoka 2010, haikuwasaidia. Mtu asisome hapa akaenda kununua sindano.

#21 Tibalishe Asilia
DADA POLE. KIZAZI CHAKO NI KICHAFU NA HOMONI ZIMEVURUGIKA. TUNAYO DAWA YA MITI SHAMBA INASAFISHA KIZAZI, INAONDOA UVIMBE, FANGASI, UTI SUGU NA KUSHIKILIA MIMBA NDANI YA SIKU 7. NJOO PM.

#22 Sista Kigamboni
Wewe usimsafishe mtu kizazi chenye mimba ndani! Mods mko wapi?

#23 Sangara Mbichi
Dawa moja inasafisha kizazi na kushikilia mimba. Yaani inafagia na kufunga mlango.

#24 Mtarajiwa_Tabata
Nimesoma yote, asanteni sana, hata mnaobishana. Huyo wa PM tayari alikuwa ameshanitumia namba mbili.

Nina swali. Mtu mmoja wa maabara kaniambia nipime kiwango cha projesteroni kwenye damu, kikiwa chini ndiyo nianze dawa, kikiwa juu niache. Si ndiyo njia rahisi ya kumaliza ubishi?

#25 Sista Kigamboni
Ingekuwa rahisi hivyo tungepima kila mtu. Shida ya kwanza, hiyo homoni inapanda na kushuka ndani ya siku moja, ukipima saa tatu na saa tisa unaweza kupata namba mbili tofauti kwa mama yule yule. Shida ya pili ndiyo kubwa. Mimba ikianza kufa, homoni nayo inashuka. Sasa ukikuta iko chini, je, imeshuka ndipo mimba ikaharibika, au mimba imeharibika ndipo ikashuka? Karatasi ya maabara haikwambii.

#26 Takwimu Kavu
Sista umesema vizuri. Niongeze tu kwa nini watu waliamini homoni tangu zamani. Wiki za mwanzo projesteroni haitoki kwenye kondo, inatoka kwenye kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Miaka ya 1970 mtafiti Arpad Csapo alionyesha kwamba kifuko hicho kikiondolewa kabla ya wiki ya saba mimba inatoka, kikiondolewa baada ya wiki ya tisa kwa kawaida inabaki, maana kondo limeshashika kazi. Kwa hiyo kwamba homoni ni ya lazima, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama wanaopoteza mimba wanapoteza kwa sababu hiyo homoni imepungua.

#27 Kapu la Mama
Ona sasa, kabla ya wiki ya saba! Na nyie mnamwambia asubiri wiki ya saba. Si ndiyo nilichosema namba 3?

#28 Takwimu Kavu
Hahaha, hapo umenibana. Lakini PROMISE walianza dawa mara tu kipimo cha mkojo kilipoonyesha mimba, hawakusubiri, na bado tofauti haikuonekana.

#29 Mama wa Songea
Mimi nilishonwa mlango wa kizazi, wa kwangu ulikuwa legevu. Mwambieni dada akashonwe mapema, hizo homoni hazizuii mlango kufunguka.

#30 Sista Kigamboni
Mama wa Songea, zako zilitoka na miezi mingapi?

#31 Mama wa Songea
Mitano na kitu. Bila uchungu wa maana, nilihisi uzito tu chini.

#32 Sista Kigamboni
Ndiyo tabia ya mlango legevu, huja mimba ikishakuwa kubwa, na kushona kwa kawaida ni kwenye wiki ya 12 hadi 14. Za mleta uzi zilikwenda wiki ya nane na ya kumi. Huo ni ugonjwa mwingine. Kushonwa si kwake, angalau kwa tulichosikia.

#33 Mume wa Mtu
Na kundi la damu? Shangazi yangu ana O hasi, zilikuwa zinatoka kwa sababu hiyo.

#34 Mfamasia wa Pembeni
Kundi hasi ni muhimu alijue, maana kama yeye ni hasi na mume ni chanya kuna sindano ya anti-D ya kumkinga, hasa baada ya kusafishwa au kujifungua. Ila madhara yake huonekana kwa watoto wa baadaye, mimba ikiwa kubwa. Si kawaida yawe ndiyo sababu ya mimba ya wiki nane kuharibika. Kaswende nayo apime, hiyo ipo kwenye vipimo vya kliniki na ina dawa yake. Na sukari, na tezi ya shingo.

#35 Kapu la Mama
Na apumzike. Mimi nilikaa kitandani miguu juu ya mto, sikupanda bodaboda hata moja, maji nilichotewa.

#36 Sista Kigamboni
Kulala kitandani hakujaonyeshwa kuzuia mimba kutoka, na kulala sana kunaleta damu kuganda miguuni. Atembee, afanye kazi zake. Bodaboda mimi sizipendi kwa sababu ya ajali tu.

#37 Ua Jekundu
Kuna jambo hatujalitaja, au tunaliogopa. Baada ya ile yangu niliyosimulia namba 4, daktari alinichorea. Akasema karibu nusu ya mimba changa zinazoharibika, kromosomu zilikuwa hazijakaa sawa toka siku ya kwanza, moja imezidi au imepungua. Mimba ya aina hiyo huwezi kuishikilia kwa homoni, kwa sindano, wala kwa kulala. Nililia sana, halafu nikapumua. Nilikuwa nimejilaumu kwa ndoo ya maji niliyobeba.

#38 Takwimu Kavu
Na hizo zinaongezeka na umri. Norwei walichapisha 2019: hatari ndogo kabisa ni kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29, kama asilimia 10. Kuanzia 45 inafika 53. Mleta uzi akiwa na 31 yuko karibu zaidi na upande mzuri.

#39 Binti Hamdani
Mbona kila kitu ni mwanamke? Umri wake, kizazi chake, ndoo yake. Kromosomu nusu zimetoka wapi?

#40 Sangara Mbichi
Nimeona mwanga wa tochi unakuja upande wetu. Nawaaga.

#41 Mwanahamisi254
Rudi hapa! Sie tulipimwa kromosomu wote wawili. Mume wangu alivyoona sindano aliketi mwenyewe bila kuambiwa.

#42 Mfamasia wa Pembeni
Ni kweli wapo wanandoa ambao mmoja wao, mume au mke, kipande cha kromosomu kimehamia mahali pengine. Yeye mzima wa afya, ila baadhi ya mimba zinaharibika. Wanaume wavuta sigara na wenye umri mkubwa nao wamo kwenye hesabu. Sangara, mke wako yuko hali gani, na wewe umeacha fegi?

#43 Sangara Mbichi
Nilisema nimeaga.

#44 Mtarajiwa_Tabata
Wapendwa, nimerudi. Leo nimepiga utrasaundi. Mimba iko ndani, inaonekana wiki saba na siku chache, na moyo unapiga. Yule mpimaji alinigeuzia kioo, kitu chenyewe ni kidogo kama punje, katikati kinapepesa pepesa haraka mno. Sikuweza kuongea, mume wangu ndiye aliyejibu maswali yote.

Daktari bingwa niliyempata ameniandikia vipimo vya damu alivyovitaja Mwanahamisi na vya tezi na sukari. Halafu, pamoja na kwamba sitoki damu, ameniandikia Cyclogest 400, ile projesteroni ya kuweka ukeni, asubuhi na usiku mpaka wiki ya 12. Nikamwambia nimesikia ni kwa wanaotoka damu. Akasema, "Ni kweli, lakini umepoteza mbili na sitaki uje kunilaumu wala kujilaumu." Nimezinunua. Bei imechangamka. Ziko mezani hapa bado sijaanza.

#45 Kapu la Mama
Hongeraaaa! Anza leo. Mara ya tatu nasema.

#46 Takwimu Kavu
Hongera sana. Kwa mwongozo wa NICE hustahili bado, na wenyewe wanasema wiki 16, si 12. Wengine wanaacha 12 kwa hoja kwamba kondo limeshachukua kazi. Sikwambii usitumie, daktari amekuona, mimi sijakuona.

#47 Ua Jekundu
Mimi nitakwambia tofauti na nilivyosema mwanzo. Sasa umeona moyo. Ile hofu yangu ya kumeza dawa ya mimba iliyokufa kwako haipo leo. Kama fedha inaruhusu, ningeweka. Hata kama ni kwa ajili ya kulala usingizi tu.

#48 Mume wa Mtu
Kulala usingizi ndiyo hoja ya madaktari wa 1953 pia.

#49 Sista Kigamboni
Mume wa Mtu leo umekuja na moto. Lakini tofauti ni kwamba hii imepimwa kwa maelfu ya wanawake na watoto wao wakaangaliwa, DES waliitoa kwanza wakapima baadaye. Mtarajiwa, swali la kumrudishia daktari ni moja: nikiona damu nikiwa natumia hizi, nakuja kwako au naongeza dozi? Jibu sahihi ni kwenda kwake. Usijiongezee.

#50 Binti Hamdani
Jiandae na usumbufu, hakuna anayesema. Zile ni mafuta, ukisimama zinashuka. Weka pedi nyembamba, na asubuhi weka ukiwa unajua utabaki umelala japo kidogo. Matiti yatauma, usingizi utakuchukua mezani. Siku hizo mimi nililala kwenye harusi ya binamu yangu, picha zipo.

#51 Mtarajiwa_Tabata
Swali la kijinga: kwenye mkoba nimetoka nazo famasi mpaka Tabata kwa daladala, foleni ya Buguruni, nimefungua boksi zimelegea, moja imebonyea kabisa. Zimeharibika?

#52 Mfamasia wa Pembeni
Si la kijinga. Zimetengenezwa kwa mafuta magumu yanayoyeyuka kwa joto la mwili, sasa joto la Buguruni mchana unalijua. Usizikaushe juani wala kuzifinyanga kwa mkono zirudi umbo. Soma joto la kuhifadhia lililoandikwa kwenye boksi, zipe sehemu ya baridi, na hiyo iliyobonyea irudishe famasi uwaulize. Siku nyingine beba chupa ya maji baridi kwenye mfuko huo huo, karatasi katikati zisilowane.

#53 Bi Mkubwa wa Pangani
Na asipite njia panda.

#54 Sangara Mbichi
Bibi, Buguruni yote ni njia panda.

Mfamasia, za mke wangu ziko kwenye friji pamoja na samaki, kuna tatizo?

#55 Mfamasia wa Pembeni
Ziwe kwenye boksi lake, mbali na friza, zisigande. Na hujajibu la fegi.